Betri ya Ombati na Vidole vya Bosibori

Manasseh Ombati aliondoka Nyamira mwaka 1973 akiwa mgonjwa, akarudi akiwa Mwingereza.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kawaida, ikiwa mwenyekiti wa kamati ya kituo cha majani chai anaweza kuitwa mtu wa kawaida. Alikuwa na shamba la chai, migomba, mke mmoja aitwaye Bosibori, na tabia ya kuanguka. Mara ya kwanza alianguka akiwahutubia wakulima. Kwa kuwa hotuba ilikuwa imeingia saa ya pili, watu walidhani ameamua kupumzika, wakashukuru. Mara ya pili alianguka kanisani, wazee wakasema amezidisha kufunga. Mara ya tatu alianguka mbele ya meneja wa kampuni moja ya chai kule Kericho, alikofanya ukarani miaka ishirini, na meneja huyo ndiye mtu wa kwanza kufikiria kwamba huenda ni ugonjwa.

Moyo wake ulikuwa unasahau kupiga. Kampuni ikampeleka London, na huko akawekewa chini ya ngozi, karibu na bega la kulia, kifaa chenye ukubwa wa kibati cha rangi ya viatu. Ndani yake mna betri, na kutoka hapo waya unapita kwenye mshipa mpaka moyoni. Moyo ukinyamaza, kifaa kinaugutusha kwa stima kidogo sana, nao unapiga.

Alirudi na koti zito la kijivu ambalo hakulivua hata jua la Januari. Watu wakamwita Ombati wa Betri, jina alilolikataa kwa mdomo na kulikubali kwa mabega. Harusini Kiogoro, mnadani Marani, popote palipokusanyika zaidi ya watu watatu, alifungua vifungo viwili vya shati na kusema, "Gusa polepole. Hiyo ni London."

Mimi niligusa. Naitwa Persis, na miaka hiyo nilikuwa sista katika hospitali ndogo ya misheni iliyokuwa kati ya Kisii na Nyamira. Niligusa kwa sababu za kitaaluma, ingawa nakiri pia kwamba ukikataa alikuwa anaanza maelezo upya.

Madaktari wa London walimpa mambo mawili ya kuja nayo nyumbani. La kwanza lilikuwa barua ya kurasa mbili kwa daktari yeyote atakayemtibu, yenye nembo nzuri juu. Ombati hakumpa daktari yeyote. Aliitia kwenye fremu ya kioo akaitundika sebuleni, kati ya kalenda na picha ya arusi. Ukurasa wa pili haukuwa na nembo, kwa hiyo akamwambia Bosibori autie nyuma ya ule wa kwanza, ili kioo kikaze.

La pili lilikuwa agizo. Kila asubuhi mapigo ya mkononi yahesabiwe kwa dakika moja na kuandikwa. Kazi hiyo haikumfaa mwenyekiti, akampa mkewe pamoja na kukamua, kuchuma chai na kuteka maji. Bosibori alikuwa ameishia darasa la nne. Alinunua daftari, akachora mistari, na kwa miaka mitatu akaandika sabini na mbili, sabini na mbili, sabini na mbili, kama mtoto aliyepewa adhabu.

Alhamisi moja ya Aprili 1976, gari la kukusanya majani lilisimama mbele ya hospitali yetu. Juu ya magunia, akiwa amefunikwa lile koti la kijivu, alilala Ombati. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu na alipumua kama mtu aliyepanda kilima cha Nyanchwa mbio. Kando yake alikaa mdogo wake, Nyasani, mwalimu mkuu wa shule moja upande wa Marani, na redio yake ya mkononi ambayo hakuiacha popote. Bosibori aliteremka wa mwisho, amekumbatia kitu cha pembe nne alichokifunga kwa leso.

"Si kitu," Ombati akasema huku tukimweka kwenye kitanda cha magurudumu. "Ni hesabu za mwanamke."

Nilimshika mkono. Mapigo yalikimbia, yakajikwaa, yakaruka mawili, yakakimbia tena. Kuku anayefukuzwa na mbwa ana mpangilio zaidi.

"Yalianza lini?" nikamuuliza.

"Leo," akasema.

"Jana asubuhi niliyakuta hivi," akasema Bosibori. "Nikamwambia Baba Nyamusi twende hospitali. Akasema mashine ya London haiharibiki, mimi ndiye sijui kuhesabu. Leo ameshindwa kufunga vifungo."

Ombati alifumba macho. Nilidhani ni maumivu, kumbe ni aibu tu.

Daktari wetu aliitwa Machogu. Alisomea Makerere, alikuwa na miaka thelathini na mbili, mpole, mwenye subira, na alikuwa na kasoro moja kubwa isiyotibika. Alizaliwa Kiogoro. Nusu ya wagonjwa walimkumbuka akichunga ng'ombe wa baba yake, na mtu uliyemwona akikimbiza ndama kwa fimbo hawezi kujua mambo ya moyo.

"Huyu?" Ombati akasema alipomwona. "Huyu ni mtoto wa Nyangate. Nimemjua akiwa na kamasi. Moyo wangu ni wa London, nitafutieni daktari."

"Kamasi ziliisha, mzee," Machogu akasema, akaendelea kumfunga nyaya za mashine ya kuchora moyo.

Karatasi ilipotoka, aliitazama kwa muda mrefu, kisha akatuita pembeni mimi, Bosibori na Nyasani.

"Moyo una vyumba vya juu na vya chini," akaeleza. "Vile vya juu vinatetemeka ovyo badala ya kupiga, na vya chini vinafuata fujo hiyo. Presha imeshuka, na mapafu yameanza kujaa maji."

"Basi ile mashine imekufa," akasema Nyasani.

"Haijafa, Mwalimu. Ile ni kama askari wa zamu anayeamshwa na kimya peke yake. Nyumba ikinyamaza, anapiga firimbi. Sasa wezi wameingia wakiimba kwaya, naye anasema, ah, leo wenyeji wamechangamka. Haikutengenezwa kuzuia mbio, ilitengenezwa kuzuia kusimama."

Mambo yalivyokuwa, dawa za kupunguza mbio zingechukua siku, na Ombati hakuwa na siku. Kulikuwa na njia nyingine. Ukimpiga mtu stima kifuani kwa kipimo na kwa wakati wake, moyo wote unanyamaza mara moja kama darasa mwalimu akipiga meza, halafu unaanza upya kwa utaratibu. Mashine ya kufanyia hivyo tulikuwa nayo. Wakristo fulani wa ng'ambo walituletea miaka miwili nyuma, na tuliithamini sana, tukaiweka chumba cha mashuka na juu yake chungu cha maua. Machogu peke yake ndiye aliyekuwa akiiwasha kila mwezi kuijaribu, nasi tulimcheka.

Nyasani alinyanyua kidole, kama yuko darasani kwake.

"Daktari, radi ikipiga nyumba yenye redio, redio inakufa. Sasa wewe unataka kumpiga radi mtu mwenye redio ndani ya kifua?"

Nilitaka kucheka. Machogu hakucheka.

"Hilo ni swali la maana, na ndilo linaloniogopesha. Stima ikiingia kwenye ule waya inaweza kuharibu kifaa, au kuunguza nyama ya moyo mahali waya unapogusa. Na bila kifaa kile moyo wake husahau kupiga. Kuna jambo la pili pia. Damu ikikaa kwenye vyumba vinavyotetemeka, huganda. Zikipita siku mbili, ukiurudisha moyo ghafla, donge linaweza kuruka kichwani akapooza. Lazima nijue hasa ilianza lini. Si kwa kukisia."

Bosibori alitoa daftari chini ya kanga yake.

Machogu akafunua. Jumanne asubuhi, saa kumi na mbili, sabini na mbili. Jumanne jioni, saa moja, sabini na nne. Jumatano asubuhi, saa kumi na mbili, na mbele yake, badala ya namba, ameandika *hayahesabiki*.

"Mbona Jumanne umehesabu mara mbili, Mama?"

"Alitoka kwenye mkutano wa kamati," akasema Bosibori. "Akitoka mkutanoni huwa nahesabu tena."

Machogu akahesabu saa kwa vidole. Tangu Jumanne jioni hazijafika arobaini. Nikaona mabega yake yakishuka kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo nusu.

Ndipo Bosibori akafungua leso. Ndani mlikuwa na ile fremu, kioo na kila kitu, ameing'oa ukutani. Ombati aliiona kutoka kitandani akainua kichwa.

"Mama Nyamusi! Umeitoa ukutani?"

"Nimeitoa."

"Na ukuta?"

"Ukuta uko salama, Baba Nyamusi."

Ukurasa wa kwanza, ule wa nembo, ulisema kwamba Bwana M. Ombati alikuwa mgonjwa mwenye adabu. Machogu aliusoma kupitia kioo, akaigeuza fremu, akatafuta. "Hakuna kingine?"

"Kuna karatasi ya nyuma," Bosibori akasema. "Niliitia mwenyewe." Akakunja misumari ya fremu kwa kucha, akaitoa.

Kila kitu kilikuwa kwenye ukurasa wa pili. Aina ya kifaa. Jinsi ya kukijaribu kwa sumaku. Na mstari mmoja uliopigwa wino chini yake, kwamba ikibidi mgonjwa apigwe stima, vibao vya mashine viwekwe mbali na kifaa, na dawa ya kuamsha moyo iwe tayari kwenye sindano. Maneno hayo yalikaa miaka mitatu sebuleni Nyamira yakikaza kioo.

Machogu alipiga simu kwa mtaalamu wa Nairobi, akapiga kelele kwenye kile kisimu kwa dakika kumi, akarudi. "Amesema kumsafirisha ni kumzika njiani. Ameniambia nifanye, na nitumie nguvu ndogo kwanza."

Ilibaki ruhusa ya mgonjwa, na mgonjwa hakutoa. Alisema hawezi kupigwa stima na mtu wa Kiogoro. Alisema hayo kwa pumzi tatu tatu, lakini alisema. Bosibori alimsihi, Nyasani akamsomea Zaburi, wapi.

Wakati huo akaingia Bwana Anders, Mzungu aliyekuwa amekuja kutujengea tangi la maji na ndiye aliyeijua jenereta yetu. Alikuja kukagua soketi. Alivaa koti jeupe kwa vumbi la saruji, na bisibisi mfukoni.

Uso wa Ombati ukang'aa. "Ala! Kumbe mlikuwa naye mkanificha!"

"Mzee," Machogu akasema, "huyu ni fundi wa tangi. Atakayekutibu ni mimi."

"Sikiliza unyenyekevu wao," Ombati akaniambia. "Mtu mkubwa anaitwa fundi, hakasiriki."

"Mimi tangi," akasema Anders kwa Kiswahili chake chote. "Maji."

"Maji ya mapafu," Ombati akaelewa. "Leteni karatasi."

Machogu alikataa kuitoa. Alipiga magoti kando ya kitanda akamtazama usoni, akamweleza upya kwa Ekegusii, neno kwa neno, ni nani atashika mashine na nini kinaweza kuharibika, hata kufa. Ombati alisikiliza yote kwa huruma, kama anavyosikilizwa mtoto anayekariri. Kisha akasema, "Nimeelewa. Fanyeni. Ila huyu asitoke humu ndani." Akasaini kwa mapambo.

Machogu alisimama na ile karatasi, bado hajaridhika. Bosibori akamgusa kiwiko.

"Daktari, umemwambia ukweli mara mbili. Kuzaliwa Kiogoro hakuna dawa. Endelea."

Basi tukaanza. Machogu alifanya mambo mawili yaliyonishangaza. Kwanza alimwomba Nyasani redio yake, akaiweka katikati ya stesheni mbili ambapo hakuna anayesema, akailaza karibu na kibati. Ikavuma tu bila mdundo, Nyasani akashika kichwa. Machogu akaweka sumaku juu ya ngozi, ili kifaa kipige bila kungoja moyo unyamaze, na redio ikaanza, tak, tak, tak. Kila kifaa kilipopiga, redio iliitikia. Kilikuwa kizima, ila askari wetu alikuwa akisikiliza kwaya.

Jambo la pili lilinichoma. "Mama abaki," akasema. "Ashike mkono."

"Daktari, mimi nina cheti," nikamkumbusha.

"Unacho, Sista, na utadunga sindano. Lakini tukishapiga, kioo cha mashine kitaruka ruka nisione kitu. Nataka vidole vinavyoujua mkono huu."

Nikamdunga Ombati dawa ya usingizi. Alilala akimtazama Anders kwa upendo, naye Anders aliyebanwa ukutani alikuwa amegeuka rangi ya saruji yake. Tukamlaza Ombati ubavu. Vile vibao viwili vina mishikio, vinafanana na pasi. Kimoja Machogu alikiweka kifuani upande wa kushoto, kingine mgongoni katikati ya mabega, ili stima ipite kutoka mbele kwenda nyuma na isikaribie kibati.

"Mama, achia. Wote mbali na kitanda."

Mwili ukaruka. Kioo kikatulia, fujo ileile. Machogu akafuta jasho kwa mkono wa koti, akaongeza kipimo.

"Mbali na kitanda."

Ukaruka tena, na safari hii kila kitu kikanyamaza. Halafu redio, bila sumaku, ikaanza yenyewe: tak, tak, tak.

"Bwana asifiwe!" Nyasani akapaza sauti. "Inafanya kazi!"

Bosibori alikuwa ameshaushika mkono. Alikunja uso.

"Hapa hakuna kitu."

"Si unasikia, shemeji? Tak, tak!"

"Nasikia redio. Mkononi hakuna kitu."

Machogu akamshika Ombati shingoni, na niliona macho yake. Kifaa kilikuwa kinabisha hodi na moyo haufungui. Stima kidogo ilikuwa imepita kwenye waya, na nyama pale unapogusa imepigwa bumbuwazi. Alimlaza chali akaanza kumkandamiza kifua kwa mikono miwili. "Sindano, Sista!" Nikadunga ile dawa ya kuamsha. Mikono yangu yenye cheti haikuwa na jingine la kufanya. Redio iliendelea, tak, tak, bila haya, kama mtu anayehutubia ukumbi mtupu.

"Sasa?" Machogu akaacha kukandamiza.

"Hapana."

Akakandamiza tena. Nyasani alikuwa chini, amepiga magoti.

"Sasa?"

"Hapana." Bosibori hakulia, wala hakuinua uso. "Ngoja. Ngoja, Daktari." Midomo yake ikacheza. "Moja." Redio ikapiga mara mbili peke yake. "Mbili. Tatu. Nne."

Alihesabu dakika nzima.

"Sabini na mbili," akasema. Ndipo akakaa chini sakafuni, hapo hapo alipokuwa, akajifunika uso kwa kanga.

Ombati alizinduka akaomba uji, akamshukuru Anders kwa Kiingereza kirefu. Baada ya wiki mbili alipelekwa Nairobi kukaguliwa, kifaa kikaonekana kizima. Mwezi wa Juni akafanya ibada ya shukrani nyumbani. Alisimulia jinsi daktari bingwa kutoka Ulaya alivyomponya, akisaidiwa na kijana fulani wa hapa hapa. Kijana fulani alikuwepo, amewekwa kwenye benchi la nyuma karibu na sufuria, akila matoke kwa utulivu. Nilipomwuliza kama hakasiriki, alisema mgonjwa anayesema uongo kwa sauti kubwa hivyo ana mapafu makavu. Bosibori hakutajwa. Alikuwa jikoni akipakua.

Mwezi wa Agosti walikuja kliniki, yeye na mkewe. Bosibori alibaki nje kuzungumza na akina mama wa chanjo, na Ombati akaingia peke yake, koti na kofia. Aligeuka kuhakikisha mlango umefungwa.

"Sista. Siku ile. Ni kweli moyo ulisimama?"

"Ulisimama, Tata."

"Baada ya stima?"

"Baada ya stima. Mashine yako ilikuwa inapiga, moyo haukuitika. Redio ilitudanganya sote."

Alizungusha kofia mikononi, akaitazama ndani kana kwamba pana maandishi.

"Nani alijua?"

"Bosibori. Daktari alikandamiza kifua mpaka ukarudi, lakini aliyejua ni Bosibori."

"Alisema nini?"

"Alisema hakuna kitu. Kisha akahesabu."

Nilimpima presha, nikaandika, akavaa kofia akatoka.

Niliwatazama kwa dirisha. Kwa kawaida Ombati hutembea mbele hatua kumi, mikono nyuma, na mkewe hufuata na mzigo. Siku hiyo alifika langoni akasimama. Akamngoja. Bosibori alipofika, alimwambia kitu ambacho sikukisikia, na Bosibori akamtazama kama anayejiuliza kama ahesabu tena. Kisha Ombati akachukua kile kikapu cha mahindi na sabuni kutoka kichwani mwa mkewe, akakibeba kwa mkono wake mwenyewe, wakateremka pamoja, bega kwa bega, mpaka karibu na barabara.

Hapo wakatokea watu wawili wa kamati ya majani chai, akamrudishia.